Siku Tupu za Baba

Nyumba ya tatu, nyuma ya ofisi ya hifadhi,
S.L.P. 61.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Habari za huko uliko, na goti lako linasemaje? Natumaini unameza dawa, maana nakujua kwa ubishi. Sisi tu wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo kwa vumbi la machimboni, ila anakula na kukoroma vilevile, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Dada, kichwa changu kimevurugika na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua nilirithi kazi ya marehemu Baba ya kuhesabu fisi maji, wale wanyama wala samaki, pale bwawani. Ofisi imeleta mtakwimu mmoja mpole, tumembatiza Bwana Huenda, kwa kuwa hamalizi sentensi bila neno hilo. Analinganisha madaftari ya Baba na yangu, ijulikane kama machimbo ya mawe yamewafukuza wanyama. Likithibitika hilo, machimbo yanafungwa, na shemeji yako anarudi nyumbani na koleo lake.

Alinieleza hesabu yake mara tatu. Kwanza unadhani hakuna kilichobadilika. Hiyo anaiita nadharia tete. Kisha unauliza: kama ni kweli, kuna uwezekano gani wa kupata pengo kubwa hivi kwa bahati tu? Baba aliona wastani wa fisi maji wanne kila akizunguka bwawa. Mimi naona wawili. Jibu likatoka chini ya mara moja katika mia. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Halafu akaniuliza mbona kwa miaka kumi na mmoja Baba hana hata siku moja ya sufuri. Kwa kanuni yake, hata anayeona wanne kwa wastani angekosa kabisa karibu mara moja katika hamsini. Nikacheka. "Wewe humjui mzee wetu," nikamwambia. "Alikuwa na jicho huyo!" Naye akaandika, ripoti ikasonga mbele. Domo langu hilo, Dada.

Nilipofika nyumbani furaha ikaniisha. Nikakumbuka, au nadhani nakumbuka, Baba akirudi na viatu vilivyolowa, analirusha daftari juu ya kabati bila kulifungua, anasema leo hakuna habari. Kwake siku tupu haikuwa kitu cha kuandika. Mimi huandika hata sufuri. Basi nikakaa mezani jikoni nikaziondoa siku zangu tupu, ishirini na sita kati ya sitini. Wastani wangu ukapanda karibu na wanne! Bwawa lilelile, fisi maji walewale, pengo limeyeyuka.

Nikisema, madaftari ya Baba, ambayo ofisi imeyaweka kwenye kabati la kioo, yataonekana hayafai, na hilo linaniuma sana. Na hata hapo hatutajua kama wanyama wako salama. Bwana Huenda ameshanionya kwamba kukosa ushahidi wa mabadiliko si ushahidi kwamba hayapo. Sasa wamepungua au hawajapungua? Sielewi. Nikinyamaza, watu arobaini wa machimboni wanapoteza kazi kwa majigambo yangu. Ripoti inatiwa sahihi mwisho wa mwezi.

Kesho nitamwomba alifute lile jibu langu. Lakini lazima ataniuliza nina uhakika gani.

Wewe ulifuatana na Baba bwawani kabla yangu. Niandikie upesi: aliwahi kurudi bila kuandika? Usinihurumie, wala usimfikirie shemeji yako. Nakuuliza kwa sababu kumbukumbu hii haikuwahi kunijia miaka yote, mpaka wiki niliyosikia machimbo yatafungwa.

Nisalimie mumeo, mama mkwe wako, na wale mapacha watundu. Shemeji yako anakusalimu sana. Sijamwambia nakuuliza nini. Mungu akujalie afya, na kumbukumbu ya kuaminika kuliko yangu.

Wako akupendaye na asiyejua la kufanya,
Mdogo wako