Wa Mwisho ni Wangu

Kinyinya, Kigali
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Keza,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea ugomvi wangu. Mguu wa Mama mdogo unaendeleaje? Kaka Benon alipopita hapa alisema sasa anakanyaga chini vizuri na anagombana na majirani kama zamani, nikamshukuru Mungu pale pale mlangoni. Na wewe unayemuuguza, unalala? Unakula? Sisi huku wazima, ila mvua zimeniharibia viatu na kikohozi kimehamia kwangu kama mpangaji.

Barua hii utaletewa na Benon huyo huyo, akivuka mpaka wa Rusumo Ijumaa na lori lake. Najua Mama mdogo atataka umsomee. Msomee mpaka hapa, halafu umwambie zilizobaki ni habari za bei ya mboga.

Tuje sasa kwenye ile sentensi ya barua yako. Umeandika kwamba unanionea wivu. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya basi Remera, nikacheka peke yangu hadi mama mmoja akasogeza mkoba wake. Wewe unionee wivu mimi! Keza, katika ukoo huu wivu ni wangu. Nimeulea mwenyewe tangu siku uliyofika Kigali, na sijaomba msaidizi.

Mimi nilikutangulia hapa kwa miaka. Kule Karagwe tulikuwa Wanyarwanda, unakumbuka. Nilipofika huku nikageuka Mtanzania. Hata leo kule Masoro, kwenye ghala la vitambaa, ndivyo wanavyoniita, na nikifungua mdomo kusema Kinyarwanda wananisubiri nikosee wapate cha kuchekea kwenye chai ya saa nne. Nilikuwa nimeshazoea. Nilijiambia sisi tuliokulia nje ndivyo tulivyo, kila mahali tunakaa ukingoni mwa kiti. Kisha ukaja wewe, umelelewa nyumba ile ile, umekula ugali ule ule, Kinyarwanda chako kimevunjika kuliko changu, na mwezi haukuisha ukawa na watu.

Ulianza na wale watoto wa viatu vya magurudumu. Ukahamia kwa vijana wanaosoma mashairi gizani huku wakipigiwa vidole badala ya makofi. Ukaenda kwa mashabiki wenye ngoma pale uwanja wa Amahoro, ukarudi nyumbani na rangi usoni hadi mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna nini. Mwisho ukaingia kwa Abazamuka, wale wanawake wa baiskeli. Katika kila kundi ulitoka na nguo zake, salamu yake na namna yake ya kucheka. Nikakuuliza siku moja, kwani wewe ni nani hasa? Ukanijibu kwamba bado unajitafuta. Nilikuchukia kidogo, maana hata kujitafuta kwako kulipendeza. Mimi nilikuwa nimejipotezea kimya kimya na hakuna aliyegundua.

Basi Mama mdogo akaanguka, ukafunga begi ukaenda kumuuguza, baiskeli ukaniachia. Na mimi, mtu mzima, nikaanza kufuata nyayo zako.

Kwa watoto wa magurudumu nilianguka mara moja, ikatosha. Waliniinua wakaniita Tantine, shangazi, kwa adabu kabisa, na ile adabu iliniuma kuliko goti. Amahoro nilisimama kushangilia goli ambalo refa alikuwa amelikataa kitambo. Jirani yangu alinitazama mpaka nikakaa. Kwenye mashairi nililala. Na kote huko, Keza, hata kabla sijaulizwa jina, swali lilikuwa moja: Keza ari he? Keza yuko wapi, anarudi lini, yule mtu wetu? Jina langu likawa Ndugu wa Keza. Nilijiona kama mlinzi wa nyumba ambayo mwenyewe amesafiri, wageni wanabisha hodi mchana kutwa na hakuna anayemtaka mlinzi. Wewe una nyota, mimi nina damu ya kunguni. Wenye kanga walisema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga, nilipanda baiskeli.

Unajua kiti cha baiskeli yako kilivyo juu. Sikukishusha. Niliona nikikishusha nitakuwa nimekiri jambo, kwa hiyo nikaendesha nikinyoosha vidole vya miguu kama mtu anayechungulia dirishani, nyonga zikaniuma hadi kazini. Mtu akiniuliza nachechemea nini, nasema ngazi.

Na ile desturi yao! Kwako ilikuwa fahari, kwangu ilikuwa adhabu. Anayefika juu kwanza hapumziki. Anageuza, anashuka tena hadi alipo wa mwisho, wanapanda naye bega kwa bega. Wewe ulikuwa wa kwanza kila Jumapili na ukawashukia wote, mmoja baada ya mwingine, ndiyo maana wanakupenda. Mimi nilikuwa wa mwisho kila Jumapili. Nilishukiwa na kila mtu. Gwiza, kiongozi wetu yule wa filimbi, hunijia akiimba "Komera, Scovia, komera!", jikaze, jikaze, na akiona nimenuna hunichangamsha kwa kuniambia, "Hapa kwenye kona hii Keza alikuwa anaimba." Siku moja nililia kwa hasira hadi juu. Walidhani ni uchungu wa ndugu aliye mbali, wakanikumbatia wote kwa zamu.

Mwezi wa tisa akaja Connie. Huyu humjui. Amekulia Kampala, anauza mapazia Remera, mwili wake mkubwa na cheko lake kubwa zaidi. Jumapili ile ya kwanza tulianza kupanda mlima wa Kinyinya, nikasubiri kama kawaida nione migongo yote ikipotea mbele yangu. Nilipofika kwenye kona yako ya kuimba nikageuka nyuma, nikaona kuna mtu. Keza, nyuma yangu kulikuwa na mtu!

Sitakudanganya, kwanza nilifurahi kwa ubaya. Nikakanyaga pedali kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Nilipokaribia juu nikamwona Gwiza anageuza baiskeli yake ashuke, na hapo ukanipanda ule ule wivu wangu wa siku zote. Huyu ni wangu, nilijisemea. Nikageuza kabla yake, nikashuka mlima niliokuwa nimeutolea jasho dakika ile ile.

Connie alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, kofia ameiweka pembeni, anajipepea kwa mkono. Akaniambia, "Nyabo, acha mimi nikae. Hii mlima iko ya watu wengine."

"Hata mimi si wa hapa," nikamjibu. "Simama tusukume."

Tukapanda tukisukuma, tukipumzika, tukisemana. Yeye Kiswahili chake cha Kampala, mimi changu cha Kayanga kule Karagwe, tukikwama tunaazima Kinyarwanda, naye hakusubiri nikosee kwa sababu alikuwa anakosea yeye. Tulipofika juu wote walikuwa wamesimama wanapiga kengele za baiskeli. Gwiza akasema kwamba nimeshuka kama Keza. Connie akaniangalia, akauliza, "Keza ni nani?"

Tangu nizaliwe sijasikia swali tamu kama lile. Nilimwambia ni mdogo wangu, nitamweleza siku nyingine. Siku hiyo bado haijafika.

Nyumbani jioni ile nilitafuta spana nikakishusha kiti.

Sasa unaandika kwamba Mama mdogo akipona utarudi Desemba. Gwiza ametangaza, watu wamepiga makofi, na mimi nimepiga pamoja nao. Nakupenda, Keza. Chumba chako nimekitandikia tayari. Lakini nakuogopa. Naogopa utaingia mara moja tu na cheko lako, na ifikapo saa tano asubuhi nitakuwa nimerudi kuwa Ndugu wa Keza, na safari hii sijui kama nitaweza kuanza tena.

Kwa hiyo sikiliza masharti. Baiskeli utatafuta nyingine. Kwenye kona yako imba upendavyo, sitakuzuia. Ukifika juu wa kwanza, kaa, kunywa maji, tazama mji. Usishuke. Wa mwisho ni wangu.

Lakini umeandika pia kwamba mwaka huu wote umeushinda kati ya kitanda cha Mama mdogo na jiko, kwamba miguu imelegea, kwamba hakuna mtu huko anayekuuliza uko wapi, na kwamba ndiyo maana unanionea wivu. Hapo sikucheka. Nimefikiria sana. Inawezekana Desemba Connie atakupita. Inawezekana hata mimi nitakupita, Mungu anisamehe jinsi ninavyoomba.

Basi ukibaki nyuma, ukaona migongo yetu yote imepotea kwenye kona, usiogope na usirudi nyumbani. Nitashuka mimi. Simruhusu mtu mwingine.

Nisalimie Mama mdogo, shangazi Mukashema na watoto wake. Huku Gwiza anakusalimu, Uwase wa saluni anakusalimu, Abazamuka wote wanakusalimu, na ni wengi kuliko ninavyopenda. Connie hakusalimu kwa kuwa hajui kama upo. Mungu aunyooshe mguu wa Mama mdogo, na miguu yako aiache kidogo hivyo hivyo ilivyo mpaka Desemba.

Wako akupendaye, wivu na yote,

Dada yako,
Scovia