Kisu Ndani ya Kioo

Inami, 6 Oktoba 1978

Kwa Babu,

Shikamoo. Hali yako ikoje? Goti la Bibi bado linamsumbua siku za mvua? Sisi huku ni wazima. Mama Mdogo Sayo anasema figili alizoloweka mwaka huu zimezidi chumvi, lakini Baba Mdogo Eisaku anazila hivyo hivyo na kuomba nyingine.

Babu, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Mimi ni mashoto.

Nilipokuwa mdogo Mama alikuwa akinifunga mkono wa kushoto kwa kamba ya kimono wakati wa kula, mpaka nikazoea kushika vijiti kwa mkono wa kulia. Kuandika pia nikazoea. Mama anaamini yaliisha, na mimi nikamwacha aamini. Lakini nikishika kitu cha kuchongea, mkono unaojua ni wa kushoto. Wa kulia ni kama mgeni aliyekaribishwa, anakaa tu na kutazama.

Kisu ulichonifulia Aprili nilipohamia huku kuanza sekondari ndicho kisu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Kimenolewa upande mmoja, kama visu vyote vya wachongaji, na upande huo ni wa mtu wa kulia. Nikikishika kwa kushoto kinazama kwenye ubao au kinateleza juu yake, siwezi kukiongoza. Kwa hiyo kila nikitoka shule nakaa karakanani kwa Baba Mdogo nikichonga kwa mkono wa kulia, na kazi yangu ni mbaya. Tatsuhei, mwanafunzi wake mkubwa, husema nachonga kama mtu anayemenya kiazi akiwa amevaa glavu.

Nyuma ya ghala, wenzangu wakiwa hawapo, nachonga kwa kushoto na kile kijisu changu cha penseli, kwenye vipande vya mti wa mkafuri vilivyotupwa. Ndani ya kifurushi hiki kuna shomoro. Naona aibu kusema, lakini nadhani ni mzuri.

Labda utauliza kwa nini sikukwambia mapema. Nilikuwa na miaka minane, nimekaa juu ya gunia la mkaa kwenye kiwanda chako nasoma kitabu. Alikuja bwana mmoja kutoka Nagaoka, akauliza kama unaweza kumfulia mwanawe kisu cha mkono wa kushoto. Ukamjibu bila kuinua macho: “Kamfundishe mwanao kushika kisu. Mimi sikipindui kisu kwa ajili ya mtoto mkaidi.” Yule bwana akainama, akaondoka. Mimi nikakihamishia kitabu mkono wa kulia.

Nisamehe kwa kukwambia. Msalimie Bibi.

Mjukuu wako,
Kanae


Yoita, 14 Oktoba 1978

Kwa Kanae,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la Bibi yako ni lile lile.

Barua nimeipata. Nirudishie kile kisu. Kifunge kwa kitambaa chenye mafuta, kisije kikashika kutu njiani.

Babu yako


Inami, 19 Oktoba 1978

Kwa Babu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Bibi pia.

Kisu hicho hapo. Nimekifunga kwa kitambaa chenye mafuta, kisha kwa karatasi, kisha kwa kitambaa tena. Mpini niliuchonga mwenyewe, nao umekaa vibaya kwa sababu niliuchonga kwa mkono wa kulia. Unaweza kuutoa.

Nimesoma barua yako fupi mara nyingi nikijaribu kujua umeiandika ukiwa na uso gani. Kama umekasirika, una haki. Mtu hatengi chuma chake bora kwa ajili ya mjukuu ili mjukuu aseme hakimfai. Kama utampa kisu hicho mtu mwingine, naomba awe mtu anayekitunza.

Leo Tatsuhei ameuliza kisu changu kiko wapi. Nimesema nimekirudisha kwa Babu. “Hata kisu kimekukimbia!” akasema. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ningefanya nini? Sasa natumia kisu cha zamani cha karakana. Nacho ni cha mkono wa kulia.

Mjukuu wako,
Kanae


Inami, 3 Desemba 1978

Kwa Babu,

Shikamoo. Theluji ya kwanza imeanguka huku, najua kwenu imeshajaa. Mnaendeleaje? Bibi anapita wapi kwenda kisimani? Asiende peke yake.

Naandika tena ingawa hujanijibu. Sikudai jibu. Ila kuna jambo ambalo utalisikia kwa Mama Mdogo, na ni afadhali ulisikie kwangu.

Jana Baba Mdogo aliniita pembeni. Hakunifokea. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenifokea. Alishika msokoto wa nywele za simba niliouchonga wiki nzima, akaugeuza, akasema, “Kanae, unajituma kuliko wote humu ndani. Lakini mkono huna. Si kosa lako. Una akili ya vitabu, nenda nayo mbali.” Mwaka mpya ukiingia nitachonga msokoto mmoja wa mwisho mbele yake. Ukiwa kama huu, nitabaki na shule tu, na nafasi yangu karakanani atapewa kijana wa jirani.

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika mdomoni. Lakini pale tunakaa chini kwenye mstari mmoja, bega kwa bega, dirisha likiwa kushoto, na zana za kila mtu zimepangwa kuliani mwake. Hakuna mahali pa kuweka kiwiko cha kushoto. Na hata angekubali, ningechonga simba wa hekalu na kijisu cha penseli?

Sikuombi kitu, Babu. Nataka tu kujua kama yule shomoro mlimpata au alivunjika njiani.

Mjukuu wako,
Kanae


Yoita, 17 Desemba 1978

Kwa Kanae,

Marahaba, mjukuu wangu. Theluji imefika madirishani. Bibi yako haendi kisimani, ananituma mimi. Tu wazima.

Sijaandika barua ndefu tangu nilipomposa Bibi yako, na ile aliniandikia kaka yangu. Kwa hiyo nivumilie.

Barua zako zote nimezipata. Sikujibu kwa sababu sikutaka kusema kitu kabla sijawa na kitu cha kutuma. Bibi yako amenigombeza kwa hilo kila siku. “Mtoto anadhani umemkasirikia!” Mimi nikasema kisu kikifika ataelewa. Akasema, “Na kisipofika?” Akawa na haki, maana karibu kisifike.

Kile kisu chako nilikihitaji kiwe mfano. Nikadhani ni kazi ndogo: kila kitu kile kile, ila upande wa pili. Cha kwanza nikakifua, nikakinoa, nikakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kisu cha mkono wa kulia, kizuri kabisa. Mikono yangu ilikigeuza yenyewe bila kuniuliza. Bibi yako akakitazama akasema, “Kizuri sana. Tumpe nani, paka?”

Cha pili ncha ikaenda kushoto, feleji ya makali ikabaki kulia. Hicho hakimfai mtu yeyote aliyezaliwa. Cha tatu nilikifua nikiwa na hasira, nikakipitisha moto, kikapasuka majini.

Nikatupa nyundo. Nikasema naacha. Bibi yako akatoka, akarudi amebeba kile kioo chake cha kujipambia, alichokuja nacho siku ya harusi. Akakisimamisha kando ya fuawe, penye masizi yote yale. Akaweka kisu chako mbele yake. “Acha kufikiri,” akasema, “kufikiri hujazoea. Tazama tu.”

Nikatazama. Ndani ya kioo kilikuwepo, kisu chako cha kushoto, tayari. Nikafua nikikiangalia hicho cha ndani, sikukiangalia cha nje tena. Nilikuwa kama mtoto anayejifunza kutembea, na Bibi yako upande wa pili na nyundo kubwa, goti na yote, akinicheka.

Sasa nikuambie habari ya yule bwana wa Nagaoka. Namkumbuka. Sikumjibu vile kwa sababu mwanawe alikuwa mkaidi. Nilimjibu vile kwa sababu sikujua kukitengeneza, na nyumba hii imefua visu tangu enzi za babu yangu. Niliona aibu kusema sijui. Kumlaumu mtoto ilikuwa rahisi, hasa mtoto ambaye hayupo. Sikujua kwamba mwingine alikuwa amekaa pale juu ya gunia la mkaa.

Kisu nimekituma pamoja na barua hii. Jina letu nimeligonga upande wa pili, ndiyo maana limekaa kombo. Makali sijayamaliza na mpini sijaweka. Hayo ni ya mchongaji. Mpini uchonge kwa mkono ule ule utakaoushika.

Shomoro alifika mzima. Bibi yako amemweka kwenye madhabahu ya wazee waliotangulia, na kila asubuhi anamwekea punje ya wali. Nimemwambia ni mti. Hasikii.

Kioo kimebaki kiwandani. Anasema nitakihitaji.

Babu yako


Inami, 8 Januari 1979

Kwa Babu na Bibi,

Shikamoo Babu, shikamoo Bibi. Heri ya mwaka mpya. Natumaini mmekula vizuri na kwamba Babu hakukabwa na keki za mchele, maana Bibi aliniambia anazila kwa pupa.

Kisu kilifika. Nilikifungua ghalani peke yangu na nikakaa nacho kwa muda bila kufanya lolote. Kisha nikakiweka mkononi. Babu, sijui kuelezea. Ni kama kitabu nilichokuwa nikikisoma kwa kukisia maneno, halafu mtu akawasha taa.

Likizo yote nilichonga mpini na kunoa. Niliharibu mipini miwili. Wa tatu umekaa.

Leo ilikuwa siku ya kwanza ya kazi. Niliingia kabla ya wengine, nikahamisha mto wangu wa kukalia mpaka mwisho wa mstari, upande wa kushoto, karibu na dirisha, ambako kiwiko changu kingegusa ukuta tu. Zana zangu nikazipanga kushoto.

Tatsuhei alipoingia akasema, “Kanae, unahamia kule kaskazini Hokkaido?”

“Nahamia hapa tu, Kaka,” nikasema.

Baba Mdogo akaja akasimama nyuma yangu. Sikugeuka. Niliogopa kwamba nikigeuka nitahamisha kisu mkono, kama nilivyokihamisha kitabu. Nikaweka kipande cha mkafuri mbele yangu, nikaanza msokoto. Maranda yalitoka marefu, yakajikunja. Nilisikia nyundo za karakana ya ng'ambo ya barabara, na nilisikia Tatsuhei ameacha kuchonga.

Nilipomaliza Baba Mdogo akauchukua, akaupeleka dirishani. Akapitisha kidole gumba ndani ya mkunjo.

“Tangu lini?” akauliza.

“Tangu nizaliwe.”

Akaugeuza tena ule msokoto. “Kwa hiyo tangu Aprili nimekuwa nikiufundisha mkono usio wenyewe.”

“Samahani, Baba Mdogo.”

“Huyu sasa anamenya kiazi bila glavu,” Tatsuhei akasema polepole. Nadhani ndiyo sifa kubwa aliyowahi kumpa mtu.

Baba Mdogo akaomba kisu. Akakitazama upande wa jina, akatabasamu kidogo. “Baba mkwe amekigonga kombo,” akasema, akanirudishia. Aliniwekea upande wa kushoto. “Kesho utaanza sikio la simba. Tatsuhei, sogea kidogo, mpishe nafasi hapo dirishani.”

Kijana wa jirani naye atakuja. Watamtafutia mahali pengine.

Baada ya hapo nilifagia maranda, nikafuta kisu, nikakipaka mafuta, nikaenda nyumbani. Chakula cha jioni kilikuwa samaki wa chumvi na zile figili. Nilishika vijiti kwa mkono wa kushoto. Mama Mdogo aliniangalia kidogo, kisha akanyoosha mkono, akalihamishia bakuli langu la supu upande wa pili, nikala.

Mjukuu wenu,
Kanae