Binti Yangu Haitiki Jina Lake

Mpendwa Bi Mshauri,

Karatasi hii nimeichana kwenye daftari la mwanangu, na ni yeye huyo aliyenifanya nishike kalamu, mimi niliyeishia darasa la sita na ambaye barua yangu ya mwisho nilimwandikia mume wangu kabla hajawa mume wangu. Tunakaa Tudor, mume wangu Ngowa yuko bandarini, mimi nauza ndizi na machungwa Marikiti, na Mungu ametujalia binti mmoja wa miaka minane tukampa jina la mamake Ngowa, Dama, kama ilivyo desturi kwetu, hata mimi kwa utani humwita mavyaa, yaani mama mkwe wangu, namwambia, "Mavyaa, njoo uoshe vyombo, mkaza mwanao nimechoka," naye alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Sasa mavyaa mwenyewe, yule mkubwa, alituaga mwezi wa nne akiwa amekula chumvi nyingi, tukaenda kumzika Kaloleni, mtoto tukaenda naye, na nilijivuna kweli kwa sababu pale kaburini yeye ndiye aliyesoma msalaba kwa sauti, "Dama, amelala katika Bwana," bila kukwama hata herufi moja, nikasema mwalimu wake abarikiwe.

Tangu turudi, Bi Mshauri, huyo si mtoto wangu. Ukimwita Dama haitiki. Mwalimu akaniita akanionyesha madaftari, kila jalada amefuta Dama ameandika Ashley, na Ashley ni msichana anayekaa naye dawati moja. Nikamuuliza, "Jina la nyanyako umeliona la kishamba, sio?" Akaangalia vidole vya miguu. Nikamwandikisha Dama mara mia moja, alipofika ya kumi na mbili akatapika. Chakula anakichokoa tu. Kulala hataki, anakaa wima kitandani, na akimsikia babake akiingia na kuniuliza kama kawaida yake, "Dama amelala?" anapiga kelele, "Sijalala! Sijalala!" Kwenye sala ya jioni nikifika pale "Ee Bwana, mpe Dama pumziko la milele," anaziba masikio, ndipo nikaogopa nikasema hili ni pepo, maana ni nani mwingine anayechukia sala? Padri amemwombea mara mbili. Jirani yangu Swabaha, mwanamke mwema sana, akanambia, "Wallahi mama Dama, huyo wa kupewa kombe," akaniletea kikombeni, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, na mimi Mkristo nimeliweka juu ya kabati, kulinywesha siwezi, kulimwaga naogopa.

Ngowa ameumia. Asema, "Amemkana mamangu huyu," na Jumamosi ya mwisho ya mwezi anampeleka Kaloleni apige magoti kaburini aombe radhi. Moyo wangu wakataa lakini sina sababu ya kumpa mume wangu. Nimpe sababu gani?

Mama Dama, Tudor

*

Mama Dama,

Sababu umeiandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Isome barua yako upya na kila penye Dama weka kidole. Nani kazikwa? Dama. Nani amelala katika Bwana? Dama. Nani mwamwombea kila jioni apate pumziko la milele? Dama. Kisha baba anaingia mlangoni, "Dama amelala?" nawe wajibu, "Amelala." Ungekuwa na miaka minane, mama, ungefumba jicho? Mimi na mvi zangu nisingefumba.

Mtoto hana kiburi wala pepo. Ana hofu. Amesoma jina lake msalabani, akaona zamu yake i karibu, akajificha ndani ya jina la mwenzake ili mauti yakija kumuulizia Dama yaambiwe hayupo. Nawe ukamwandikisha jina la kaburini mara mia! Hapo nimekukasirikia. Lakini nakuonea huruma pia, kwa sababu mlikuwa na msiba na hakuna aliyewakumbusha kwamba mtoto naye ni mfiwa.

Safari ya Kaloleni isimame. Mtengee Ngowa chai, mpe gazeti hili asome mwenyewe: mamake hakukanwa na mtu. Jumamosi hiyo teremkeni nyote watatu upande wa Feri, mkae mtazame bahari, mle mihogo ya kukaanga, na mumwambie mtoto waziwazi kwamba nyanya alizeeka, amekufa. Semeni "amekufa". Hilo "amelala" waachieni watu wazima. Kisha mwambieni nyanya naye alirithi jina hilo kwa nyanya yake, na yule kwa wake, na akina Dama wote hao waliishi nalo mpaka wakaota mvi. Jina lililozeesha watu namna hiyo lina nini cha kuogopwa? Akilia, mwacheni alie. Akiuliza jambo mara kumi, jibuni mara kumi.

Kwenye sala mwombeeni "Nyanya". Padri naye amshukuru Mungu kwa uhai wa mtoto, mambo ya pepo ayaache. Baba abadilishe swali lake la mlangoni, aulize, "Mama yangu mdogo hajambo?" Mwalimu aelezwe, na Ashley akae kwenye majalada mpaka mwenye daftari amfute mwenyewe. Wiki mbili zikipita chakula bado hakipandi, nenda kwa daktari wa watoto, usione haya, hofu nayo ni maradhi. Na Swabaha mrudishie kombe lake kwa mikono miwili, pamoja na machungwa, kwa maana amekutendea ujirani.

Utani wako usiuache. Leo jioni mwite, "Mavyaa, njoo uoshe vyombo, mkaza mwanao nimechoka." Asipocheka, chukua kitambaa mkavioshe pamoja. Kesho umwite tena.