Mgeni Niliyemfikisha Mlangoni

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo na kwa miezi yote niliyokaa kimya. Goti linasemaje na baridi ya Mlola? Maharage ya bondeni umewahi kuvuna, au ngedere wamekutangulia tena? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, mama. Hata kuchemsha chai naona kazi.

Barua hii anakuletea sista wa Rangwi aliyekuwa masomoni huku ughaibuni. Mpe chai, halafu isome mwenyewe. Usimpe mdogo wangu Neema akusomee kwa sauti.

Redioni mmesikia kuna mtengeneza filamu ameuawa huku. Ni Viktor, bosi wangu niliyekuwa namshikia maikrofoni, yule Mzungu aliyekuamkia kwa Kiswahili kwenye simu ukacheka mpaka ukakohoa. Wamemuua kwa ajili ya filamu yetu ya mwisho. Ndani yake yumo mama aliyefiwa na mtoto, amekaa kando ya kaburi anagombana na Mungu. Basi, ni hilo tu. Wenye msimamo mkali wa dini wakasema ni kufuru, wakatuma vitisho mwezi mzima. Wewe ulipomzika kaka Stefano ulimwambia Mungu makali kuliko yale, na mchungaji alikushika mkono tu akakuacha umalize.

Sasa sikia nililoshindwa kukwambia kwa simu. Asubuhi ile nilikuwa natoka kununua mkate, mtu mmoja wa makamo, amevaa vizuri, akanisimamisha.

"Samahani kijana, natafuta studio ya Viktor. Nimezunguka mtaa mzima."

Asingeiona. Kibao tulikiondoa kwa sababu ya vile vitisho. Nami nilijua hivyo, mama, nilijua kabisa! Lakini ulitulea ukisema mgeni haonyeshwi njia kwa kidole, mgeni anafikishwa. Nikamwambia, "Twende, ni hapa karibu." Nikampokea na mfuko wake. Ulikuwa mdogo, ila mzito. Njiani tukaongea habari za mvua.

Nikabisha hodi ile yetu mimi na Viktor, akafungua kwa kuwa alijua ni mimi. Nikasema, "Umepata mgeni," nikamrudishia mtu mfuko wake, nikashuka. Risasi zilipolia nilikuwa bado kwenye ngazi, na mkate mkononi.

Yule mtu alikamatwa palepale. Polisi wanasema sina kosa, wananipigapiga begani. Lakini Klara, mke wa marehemu, kila siku ananiuliza swali lilelile: "Kwa nini alifungua? Tulikubaliana asimfungulie mtu." Polisi hawajamwambia, wameniachia mimi. Na ndiye anayenipikia supu tangu msiba, anasema nimekonda. Nakunywa supu yake, naosha bakuli. Naona aibu. Na hapa sina hata mtu mmoja wa kumlilia kwa Kishambaa.

Nimwambie, mama? Nikimwambia, huenda asitake tena kuniona, na huku sina mwingine. Nikinyamaza, ataendelea kumlaumu mumewe aliye kaburini, naye hakukosea. Usimuulize mchungaji wala baba mdogo, nijibu wewe uliyefiwa. Ungekuwa Klara, ungetaka kujua? Ukisema nimwambie, nitamwambia siku hiyohiyo.

Nisalimie baba mdogo, mwambie achunge kifua na moshi wa jikoni. Shangazi wa Magoma akipanda mlima kuja kwenu, mpe shikamoo yangu. Neema aendelee kukuchotea maji bila kununa, nami sijamsahau.

Kuna jambo moja bado. Juzi bibi mmoja alinisimamisha akaniuliza hospitali iko wapi. Nilikuwa na nafasi, sikuwa na pa kwenda. Nikanyoosha kidole, nikamwambia ni kule. Akashukuru, akaenda peke yake, anachechemea kama wewe.

Ni mimi mwanao,
Elia