Jina Lako Katika Orodha ya Marejeo

Jericho, Nairobi
Jumapili alasiri

Kwako Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba goti limetulia na mvua haikuyalaza maharagwe. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujakaa sawa, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu: simu yako boma zima huisikiliza, hata Baba Mkubwa akiwa ng'ambo ya ua. Barua hii Mama Mdogo atakukabidhi mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Utakumbuka masimulizi uliyonipa Desemba tukichambua mboga: jinsi ulivyokataa kurithiwa na Baba Mkubwa baada ya kumzika Baba, ukanibeba mgongoni hadi hapa Jericho kwa dada yako, ukaanza kuuza mitumba ya soko la Gikomba pamoja na wajane wengine, hadi uliporudi bomani. Kwa idhini yako niliyafanya kuwa sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili. Mwalimu anayenisimamia aliisifu sura hiyo kuliko zote, kabla hajafika kwenye tanbihi.

Kunukuu vitabu nilikwisha kujifunza: mwandishi, kichwa, mji, mchapishaji, mwaka, ukurasa. Nilijivunia hata nukta zangu. Lakini nilipofika kwako niliandika tu, "Mama, mahojiano." Sikuona kosa. Tangu lini mtoto wa kwetu akamtaja mzazi kwa jina, kana kwamba anamwita mtu dukani?

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Mama ni nani?"

"Ni mama yangu, mwalimu."

"Kila mtu ana mama, Nekesa. Msomaji akitaka kuhakikisha, amwulize yupi?"

Akanieleza kwamba jopo la watahini huweza kukihesabu chanzo kisicho na jina kuwa cha kubuni. Mwenzetu mmoja alishindwa kuonyesha alikoyatoa maneno yake. Alikusanya vitabu vyake akaondoka, wala hakurudi. Mimi nimepewa hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilimweleza Mama Mdogo kwenye meza yake ya dagaa wa omena sokoni. Alicheka hadi wateja wakageuka.

"Wee, kwani hao watu wa chuo hawana mama? Waambie wakuje hapa niwaonyeshe Selina ni nani." Kisha kicheko kikamkauka. "Na yule kijana wa shemeji si anasoma hapo hapo?"

Anasoma hapo, Mama, huyo mwana wa Baba Mkubwa. Na tasnifu huwekwa maktabani, ambako yeyote anaweza kuisoma. Baba Mkubwa akisikia kwamba umesimulia habari hii, na kwa jina lako, ataufanya nini ule mpaka wa shamba aliouridhia shingo upande uliporudi? Jopo linanitisha, lakini hilo linanitisha zaidi.

Kanuni hutaka jina la ukoo litangulie. Ungeandikwa "Barasa, Selina Naliaka," na Barasa ndilo jina la Baba Mkubwa pia. Mwalimu amesema msimulizi aweza kuorodheshwa kwa jina analojitambulisha nalo mwenyewe: "Naliaka, Selina." Au jina lifichwe kabisa, nami nieleze kwamba wewe ndiwe uliyeomba, mradi mwalimu abaki na sahihi yako. Nikifanya hivyo jopo litanihoji kwa ukali zaidi, na nitalijibu.

Mpe Mama Mdogo uamuzi wako atakaporejea. Ukiyakataa yote, nitaitoa sura hiyo, na mahafali yatasubiri mwaka mwingine. Sitakuficha kwamba hata hilo naliogopa. Ila naogopa zaidi kukuona ukihama boma mara ya pili kwa sababu ya kalamu yangu.

Nisalimie Bibi, aliyekufungulia mlango uliporudi wakati wengine waliufunga, na jirani yetu Mama Mchungaji anayekuletea dawa ya goti. Baba Mkubwa naye msalimu kama kawaida, asishuku lolote.

Jana nililijaribu jina lako kwenye karatasi, "Naliaka, Selina." Nimekuita Mama maisha yangu yote. Sikuwa nimewahi kuliona jina lako likisimama peke yake. Nililitazama kwa muda mrefu. Kisha nikaichana karatasi, kwa sababu bado hujaniruhusu.

Ni mimi binti yako, ninayesubiri neno lako,

Nekesa