Mteja wa Jumatatu

Tarehe 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Na cherehani nayo haijambo? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanionea.

Nimepata kazi nyingine. Sifagii tena ofisi za watu; sasa ni mlinzi kwenye jumba la picha. Nakaa kwenye kiti pembeni ya chumba kutwa nzima, na kazi yangu ni kusema, "Tafadhali usiguse." Jana niligundua kwamba sikusema neno lingine tangu asubuhi. Niliporudi chumbani kwangu nikaliambia birika nalo lisiguse, ili tu nisikie sauti.

Lakini Baba, picha! Chumba changu kina kazi za wachoraji wa siku hizi, watu walio hai, wengine wadogo kuliko mimi. Kuna dada anayechora kwenye tiketi za basi zilizotumika. Kila tiketi ina kisogo cha abiria aliyekaa mbele yake siku hiyo. Ukuta mzima ni visogo, na kila kisogo kina tabia yake! Mwingine hachori kabisa. Anachukua shati kuukuu, anachomoa uzi mmoja mmoja, mpaka katikati ya kitambaa linabaki pengo lenye umbo la mtu. Nilisimama mbele ya shati hilo nikakukumbuka sana. Najua ungesema huko ni kuharibu nguo.

Niandikie. Usiponiandikia nitarudi kwa birika.

Binti yako

---

Tarehe 27 Februari

Mama,

Marahaba. Ulilibeba jina la mama yangu, nami sitaacha kukuita hivyo hata ukizeeka. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, nikimsomea jirani yangu mwenye bucha. Alicheka mpaka mteja akachoka kusubiri. Mimi sijambo. Afya yangu ni ya mzee, haina habari.

Huyo mchomoa nyuzi mlete kwangu, nina kabati zima la mashati ya wateja waliotokomea. Kumbe kuharibu nguo nako ni kazi! Nimeshona miaka thelathini na nane, hakuna hata siku moja niliyowekewa mlinzi.

Niwie radhi kwa karatasi. Za kuandikia zimekwisha, nimechukua hii ya kaki ya kukatia nguo. Nyuma yake kuna vipimo vya mteja wangu mmoja. Huja Jumatatu, hana haraka, na mimi siku hizi sina wengi. Unajua namba na mimi hatujawahi kupatana, kwa hiyo bado nachora. Duniani umebaki wewe tu unayeweza kuisoma michoro yangu.

Usihangaike kuja. Safari ni ndefu.

Baba yako mzazi

---

Tarehe 20 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi leo nina furaha, na furaha isiyo na wa kumwambia ni mzigo, kwa hiyo pokea wewe.

Nimegeuza barua yako nikamkuta mteja wako. Mstari mmoja, kuanzia utosini hadi kisiginoni, bila kuinua kalamu! Na vile vijistari pembeni ya kiuno, kila kimoja upana wa kidole, vya kuonyesha suruali ipunguzwe kiasi gani. Unakumbuka nilivyokaa chini ya meza yako nikiwa na miaka sita, nikikusomea? "Kiuno vidole viwili, bega moja limeshuka." Nawe ukikata.

Kuna mama mmoja, mchoraji wa vitabu vya watoto, huja chumbani kwangu kila Alhamisi kutazama. Wanyama anaowachora wote wamechoka, tembo wake anaonekana ametoka kazini. Nimempenda. Ndiye mtu wa kwanza huku kuniuliza nimeamkaje. Nilimwonyesha mchoro wako, akasema, "Huyu baba yako ni mchoraji." Ananifundisha kutazama. Anasema nikitazama mchoro nisiulize huyu ni nani wala ana nini. Nifuate mstari tu, kwa sababu ukishajua kitu kinaitwaje unaacha kukitazama.

Nitumie wengine. Hasa huyo wa Jumatatu.

Binti yako

---

Tarehe 18 Aprili

Mama,

Marahaba. Nimeona furaha yako, hata mwandiko umepanda mlima. Mwambie mama wa tembo nashukuru, ila mimi ni fundi nguo, na aliyenifundisha kushona angesikia naitwa mchoraji angenidai vitambaa vyake.

Nimekuwekea tatu, zote za huyo huyo. Suruali ni ile ile, kila akija nairudia. Mtazame vizuri.

Hapa ni shwari. Nafunga duka mapema, jua ni kali. Redio ndiyo ninayobishana nayo, na bado inanishinda. Hivi likizo utapata lini, labda Juni? Sikumbuki kama uliandika. Si neno, naulizia tu.

Baba yako mzazi

---

Tarehe 3 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe kimya changu. Natumai afya ni njema.

Keti kwanza. Michoro yako inatundikwa ukutani! Jumba lina ukumbi mdogo wa kazi zisizo za kawaida, na mama wa tembo amewaonyesha wakubwa, wakakubali. Anasema hajaona kitu kama hicho. Anasema toka mchoro wa kwanza hadi wa nne mwili unayeyuka, mstari unaingia ndani na kuwa mwepesi, kana kwamba mtu anaondoka kwenye karatasi taratibu. Ni kweli, Baba. Nimeitazama jioni nyingi. Ni mizuri mno.

Maonyesho yanafunguliwa tarehe 28. Nilitaka kutumia likizo yangu kuja huko, lakini nimeona nibaki niyasimamie. Wewe mwenyewe ulisema nisihangaike. Kama una mchoro mwingine, tuma upesi.

Binti yako mwenye fahari

---

Tarehe 15 Juni

Mama,

Marahaba. Mwenye bucha amemtangazia kila anayenunua nusu kilo kwamba jirani yake yuko ukutani ng'ambo.

Kuhusu likizo, umefanya vizuri. Kazi ni kazi.

Mchoro huu ndio wa mwisho. Mkono haukutulia, wanisamehe hao wakubwa.

Baba yako

---

Tarehe 30 Juni

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi kama hujambo, nitakuuliza lingine.

Juzi watu walikuwa wengi. Mzee mmoja aliinama mbele ya michoro yako, kidole karibu na karatasi. Nikasema, "Tafadhali usiguse." Akanijibu, "Sigusi, binti. Nahesabu." Akasema naye alikuwa fundi suruali. Akauliza kama hivyo vijistari ni vidole, nikasema ndiyo. Akahesabu wa kwanza, viwili. Wa mwisho, tisa. Akasoma tarehe nilizoziandika chini yake. Akanigeukia. "Mtu kupungua vidole saba kwa miezi minne si mchezo. Huyu anaumwa sana. Ana mtu wa kumtunza?"

Nilisimama pale na sare yangu. Halafu nikasoma, Baba. Nilisoma kama zamani chini ya meza. Bega la kulia limeshuka, upande wa gurudumu la cherehani. Goti la kushoto limepinda kidogo, lile uliloangukia ngazini. Nimekutazama tangu Machi. Nimekutundika, nimekupigia taa, nimewaambia watu waone jinsi ulivyo mwepesi.

Mteja wa Jumatatu ni wewe?

Mwanao

---

Tarehe 12 Julai

Mama,

Marahaba. Ndiyo, ni mimi.

Jumatatu ni siku ya hospitali. Nikirudi najipima mbele ya kioo, maana suruali inanidondoka na fundi hawezi kutembea ameshika kiuno. Ni tumbo. Daktari amelipa jina refu, na amesema hakuna cha kukata. Mwenye bucha ananiletea supu na kunifokea nimalize.

Nilijaribu kukuandikia. Kila nikishika kalamu naandika upuuzi wa redio. Nikajisemea, nitamtumia vipimo, mwanangu anajua kusoma, ataona mwenyewe. Nawe ukanijibu kwamba mstari ni mzuri. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilicheka peke yangu. Ya nne nililia, na nakuambia kwa sababu nimechoka kuficha.

Lakini lawama si yako peke yako. Mtu anayeumwa husema naumwa, hatumi suruali. Niliandika usije kwa kuwa nilitaka uje bila kuombwa. Hicho ni kiburi cha kijinga, na nimekaa nacho humu ndani mpaka kimeanza kunitisha.

Sasa nakuomba. Njoo.

Baba yako

---

Tarehe 21 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua hii sikuipeleka posta, nimeibeba. Naandika gari likienda, ndiyo maana mwandiko unaruka.

Kazi nimeaga. Michoro nimeiacha ukutani, ila nimebandika kikaratasi chini yake: "Huyu ni baba yangu. Anaumwa." Mama wa tembo alikisoma, akanishika mkono. Alinisindikiza mpaka kituoni.

Njia nzima sijazungumza na mtu. Nimekuwa nikipanga maneno ya kukuambia, na kila nikiyapanga yananikimbia, kwa hiyo nayaweka hapa. Nilikuwa mpweke kule, nikapata kitu kizuri cha kutazama, nikakishikilia kwa nguvu hata sikuona kuwa ni wewe. Nisamehe, Baba.

Dereva anasema imebaki saa moja. Sijui nitakukuta vipi. Nikikukuta, nitakaa karibu nikusomee barua hii kwa sauti. Nisipokukuta, nitakusomea vilevile.

Binti yako