Gari Tumelirudisha, Njoo kwa Basi

Nyumba yenye geti la kijani,
Mtaa wa nyuma ya posta,
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaniuliza, mimi ni mzima, isipokuwa lile jino unalolijua. Wewe je? Goti limekubali dawa ya kuchua au bado linakusumbua kwenye ngazi? Na shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Msalimie hivyo hivyo na makelele yake. Sisi hapa tunakula, tunalala, tunagombana, kwa hiyo tuko salama.

Barua yako niliipata. Umeniuliza ni siku gani mwanangu atakuja kukuchukua na gari, maana umeshawatangazia majirani zako kwamba mwaka huu hupandi basi. Mdogo wangu, kaa chini kwanza. Umekaa? Panda basi.

Gari tumelirudisha. Halikunyang'anywa, na naomba neno hilo lisipite mdomoni mwa mtu yeyote huko. Tumelirudisha wenyewe, kwa barua, kwa saini na kwa heshima zote. Acha nikueleze, maana nisipokueleza utajieleza mwenyewe, na wewe ukijieleza mambo huwa yanaota mabawa.

Unajua gari lilikuwa la mkopo. Ni wewe uliyenikumbusha kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, nami nikakununia miezi miwili. Mwanangu alikuwa akilipa kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja. Si kwamba najisifu, lakini mchomeleaji kama yule kiwandani kwao hakuna. Msimamizi wake aliniambia kwa mdomo wake, na sikumwuliza zaidi ya mara mbili.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nane nilikuandikia barua ya kurasa nne, zote habari za gari. Hukuipata kwa sababu haikufika sandukuni. Nilikuwa naipeleka posta, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, nikapita njia ya nyuma kukwepa jua. Nikaliona gari letu limeegeshwa kando ya ukuta. Nikajua limeibwa. Nikachungulia: mwanangu yumo ndani, kiti kimelazwa, chombo cha chakula kiko tumboni, amelala fofofo.

Nikagonga kioo. Akashtuka, akasema, "Mama, leo tumepewa mapumziko kidogo."

"Mapumziko gani ya kuvua soksi?"

Hapo akanieleza yote. Tangu mwezi wa sita kiwanda kimewapunguzia siku za kazi, kutoka sita hadi tatu. Zile nyingine alikuwa akituaga asubuhi kama kawaida, kisha anakuja kukaa nyuma ya posta mpaka jioni. Nikamwuliza kwa nini asilirudishe tu hilo gari. Akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani. "Ningelirudishaje, Mama? Umeshamwambia kila mtu."

Nami nimesimama pale, kurasa nne mkononi. Nikaikunja ile barua, nikaitia kwenye mkoba. Sijawahi kubeba karatasi nzito namna ile.

Tukaenda nyumbani, tukamkalisha mkwe wangu, mke wake. Unamjua, karani wa shule, yule asiyetupa pakiti ya sabuni kabla hajaisoma. Akausoma mkataba wote, hadi yale maandishi madogo kama mayai ya chawa. Akatuambia kifungu cha kumi na moja kinasema hivi: ukishalipa nusu ya bei yote, una ruhusa ya kuusitisha mkataba na kurudisha gari, na hudaiwi tena, mradi halijaharibika. Sisi nusu ilikuwa imebaki mwezi mmoja tu. Tukishindwa huo mmoja, wanakuja kulivuta wenyewe, wanaliuza kwa bei ya kutupa, na kinachopungua anadaiwa mwanangu, gari hana.

Mwezi huo tulikula maharage asubuhi na jioni, mpaka mjukuu akiona sufuria anasema amechoka, anataka kulala. Lakini tuliufikisha.

Mkwe akaandika barua. Mtu wa kampuni akampigia simu, sauti tamu kama asali, akasema barua ya nini, mume wako aje tu atie saini fomu yetu. Mkwe akaomba aletewe fomu, akaisoma: gari linarudi, deni linabaki. Akamjibu, "Asante kaka, sisi tunasubiri jibu la barua yetu." Mimi nilikuwa na maneno ya kuongeza, ila alishanifungia mlango.

Jibu likaja, wamekubali, ikabaki ukaguzi. Wakiona mkwaruzo au doa, tunalipa. Sasa, mdogo wangu, unakumbuka mlivyonicheka kwa ile nailoni? Gari lilipokuja viti vimefunikwa nailoni, mimi ndiye niliyekataza isitolewe. Mkwe alilalamika mwaka mzima kwamba akishuka anabanduka kama plasta. Na viatu nilivipiga marufuku, kila mtu anavua mlangoni.

Mkaguzi akaja, kijana mrefu na karatasi zake. Akafungua mlango, akainua mguu. Nikamwambia, "Baba, viatu."

"Mama, mimi ni mkaguzi."

"Hata mkaguzi ana miguu."

Akavua. Kidole gumba kikachungulia kwenye soksi, tukajifanya hatukioni. Akapekua huku, akamulika kule, akalala chini kabisa. Mwisho akauliza kama gari hili liliwahi kuendeshwa. Kisha akainama mbele, akasogeza tochi karibu. Ile nembo ya mbele ilikuwa imefifia. Ni mimi, mdogo wangu. Nilikuwa naisugua kila asubuhi.

Akaandika: uchakavu wa kawaida. Nikafungua mdomo nimweleze kwamba hakuna cha kawaida pale, ni sabuni nzuri na kitambaa cha pamba, kila siku, mwaka mzima na zaidi. Mkwe akanifinya, alama ninayo mpaka leo. Kijana akatia saini. Mkataba ukaisha, hatudaiwi hata senti.

Gari lilipotolewa, Mama Redio wa nyumba ya pili alikuwa ameshatoka na ufagio usiofagia kitu. Akauliza linakwenda wapi. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri sana, kwamba linakwenda kupakwa rangi. Nikamtazama mwanangu, amesimama ameinamisha kichwa. Nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa mshona viatu, "Tumelirudisha. Kwa sasa hatuliwezi."

Unajua alifanyaje? Akasogea, akaninong'oneza, "Jirani, hiyo barua mliandikaje? Mkwe wangu naye la kwake limemkaa kooni." Sasa jioni watu wanakuja na mikataba yao, mkwe anasoma, mimi nawapangia nani aanze. Wanavua viatu.

Basi, njoo. Stendi utamkuta mwanangu, atakubebea mizigo yote, na mikono yake unaijua. Siku ambazo kiwanda hakimwiti, anachomelea hapa nyumbani, pale pale gari lilipokuwa linalala. Ameshapata kazi ya madirisha ya shule na mageti mawili.

Ile picha ya gari uliyoitundika sebuleni, iondoe. Juzi nilitazama nakala yangu, nikaona kitu ambacho sikukiona siku zote: gari limejaa picha nzima, na mwanangu ametokea kiwiko tu. Nimekuwekea nyingine humu ndani. Amesimama na geti lake la kwanza, ametoka mzima, mpaka viatu.

Nisalimie shemeji, mabinti zako wote wawili, na yule mpangaji wako mpole asiyelipa. Mungu akulindie goti lako na safari yako, akufikishe nikiwa bado nina hamu ya kusema.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikikununia,

Mama wa Mchomeleaji.